Kuisoma Ardhi Kutoka Angani: Alama za Mimea na Mashamba ya Kale

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mwanaakiolojia naye hutafuta dalili kabla ya kushika sururu. Nchini Uingereza, mashamba mengi ya kale hayaonekani tena kwa mtu asimamaye ardhini, kwani plau imeyasawazisha matuta na kuifukia mitaro yake kwa karne nyingi. Hata hivyo, katika baadhi ya misimu ya kiangazi mipaka ya mashamba hayo hujitokeza kwa majuma machache, ikiwa imechorwa kwa rangi ya ngano na shayiri. Makala haya yanaeleza jinsi alama hizo zinavyotokea, jinsi zinavyotambuliwa katika picha za angani, na kwa nini msomaji wake hana budi kuwa mwangalifu.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi ifafanuliwe. Alama hizi zingeweza kuitwa “alama za mazao”, lakini neno mazao humwelekeza msomaji kwenye mavuno ya mkulima. Kinachoonyesha alama ni mmea ungali shambani, na hata nyasi za malisho huweza kuionyesha. Kwa sababu hiyo, istilahi “alama za mimea” ndiyo inayotumiwa hapa.

Chanzo cha alama

Mkulima wa kale alichimba mtaro kuzunguka shamba lake. Mtaro huo ulipoachwa, ulijaa udongo laini wenye rutuba, ambao huhifadhi unyevu kuliko changarawe au mwamba wa chaki ulio kandokando yake. Ukame unapoingia, mimea iliyo juu ya mtaro hupata maji kwa kina, hurefuka, na kubaki kijani wakati mingine imekwisha kugeuka manjano. Kinyume chake, mimea iliyo juu ya msingi wa ukuta wa mawe hudumaa na kukauka mapema. Hivyo basi, ukame ambao ni adui wa mkulima huwa rafiki wa mtafiti. Kiangazi cha mwaka 1976 na kile cha 2018 hukumbukwa kwa wingi wa alama zilizoonekana.

Jambo hili lilitambuliwa kabla ya ndege kubuniwa. William Camden, ambaye kitabu chake Britannia kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1586, alieleza mistari iliyoonekana katika nafaka huko Richborough, mahali palipokuwa na makao ya Warumi. Lakini ni O. G. S. Crawford, afisa wa akiolojia katika idara ya serikali ya upimaji ramani, aliyeufanya utazamaji wa angani kuwa mbinu ya utafiti katika miaka ya 1920. Crawford alitoa mfano wa zulia: paka anayetembea juu yake huona rangi zilizotawanyika tu, ilhali mtu aliyesimama huliona pambo zima.

Utambuzi wa mashamba

Mfano bora ni wa Derrick Riley, aliyekuwa rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza. Katika miaka ya 1970 alipiga picha nyingi juu ya maeneo ya mawemchanga ya Nottinghamshire na Yorkshire Kusini, akachapisha matokeo yake mwaka 1980. Picha hizo zilionyesha vipande virefu vya ardhi vinavyokwenda sambamba, vikikatwa na mipaka mifupi, mithili ya matofali yaliyopangwa ukutani. Mistari miwili iliyoandamana ilifasiriwa kuwa njia za kuswagia mifugo, na miraba midogo kuwa maboma ya makazi. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kuwa mengi ya mashamba hayo yalitumika zama za utawala wa Warumi.

Pamoja na hayo, si kila mstari ni kazi ya mkono wa binadamu wa kale. Nyufa zilizosababishwa na barafu katika zama za baridi kali huchora maumbo yasiyo na mpangilio wa mashamba. Bomba la maji la kisasa hukata mipaka yote bila kuijali. Matuta ya kilimo cha Enzi za Kati nayo hupinda kidogo kwenye ncha, kwa kuwa jozi za maksai zilihitaji nafasi ya kugeuka. Umbo huupa uchunguzi mwelekeo, lakini tarehe huthibitishwa kwa uchimbaji na vigae.

Tahadhari

Kosa kubwa ni kudhani kwamba pasipo na alama hapakuwa na shamba. Udongo wa mfinyanzi huchelewa kukauka, na malisho hayaonyeshi alama kwa urahisi kama shayiri. Ramani ya alama, kwa hiyo, ni ramani ya udongo, mimea na hali ya hewa pamoja na historia. Aidha, mbinu hii haifai kila mahali. Huko Engaruka, Tanzania, kingo za mawe za mashamba ya kale bado zimo juu ya ardhi. Picha ya angani huonyesha mawe yenyewe, wala haihitaji mmea kuwa mpatanishi.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa alama ya mimea ni ishara inayohitaji kufasiriwa, wala si ushahidi unaojitosheleza. Ishara hiyo pia i hatarini. Alama huonekana hasa katika mashamba yanayolimwa, na kila plau inayopita kwa kina hukwangua sehemu ya mtaro uliosalia. Mtaro ukiisha, mmea hauna tena cha kuonyesha, na picha iliyopigwa katika kiangazi kimoja hubaki kuwa kumbukumbu pekee ya jasho la wakulima waliotangulia.