Namna ya Kusafiri Usiku Bila Kutiwa Kiwi na Taa za Magari

Barabara itokayo Chalinze hadi Segera, ambayo mimi huipita mara kwa mara nikienda Tanga kuwazuru jamaa zangu, sehemu kubwa yake ina njia mbili tu, ya kwendea na ya kurudia, bila ya ukingo wa kuyatenga magari yanayokabiliana. Na tangu mwaka 2023, serikali ilipoyaruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha baada ya katazo la miaka mingi, taa zinazomjia mtu usoni baada ya magharibi zimezidi. Zamani nuru ile ilikuwa ya manjano, na jicho liliistahimili. Siku hizi aghalabu ni nyeupe inayokaribia buluu, nayo humpiga dereva kwa ukali mpaka asione mstari, wala mpita njia, wala baiskeli. Malalamiko ya madereva ni ya haki, lakini safari zimenifunza kwamba sehemu kubwa ya taabu hii hupunguzwa na dereva mwenyewe, nami nitaeleza namna nifanyavyo.

Jambo la kwanza ni kuyajua macho. Gizani mboni hupanuka ili ipokee nuru yoyote iliyopo, na jicho huweza kuchukua nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Taa kali ikiingia ghafula katika mboni iliyopanuka hivyo, hufuta kila kilichokuwa kikionekana. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja, hata dereva aliyetiwa kiwi kwa sekunde 3 tu huwa amekwisha kupita mita 66 za barabara asiyoiona, na katika mita hizo pengine yumo mchukuzi wa mkaa juu ya baiskeli isiyo na taa, au lori lililoharibika ambalo alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa juu ya lami. Kwa hiyo mimi hupunguza mwendo kabla nuru haijanifikia. Nionapo taa zikichomoza juu ya kilima, huzima fulu, huondoa mguu kwenye mafuta, kisha huyahamisha macho yangu upande wa kushoto, kwenye mstari wa kando, au pale lami inapokutana na nyasi ikiwa mstari umefutika, nami huufuata ukingo huo mpaka mwenzangu apite. Kwani jicho lina tabia ya kuivamia nuru, na mikono iliyoshika usukani hulifuata jicho.

Mwenzangu akiwa amesahau fulu, humwashia mara moja na kurudi kwenye dimu. Wako wanaomlipizia kwa kumwashia fulu mpaka wapishane, jambo ambalo nalipinga kwa nguvu zangu zote, maana matokeo yake ni vipofu wawili wanaojiana kwa kasi, na nyuma ya kila mmoja wamo abiria ambao hawakushiriki katika ugomvi huo.

Kabla ya safari husafisha kioo cha mbele, na hasa upande wake wa ndani, ambao wengi huusahau; huko hujengeka utando mwembamba wa mafuta na vumbi, usioonekana mchana, lakini usiku huisambaza taa ya mbele ikawa ukungu mweupe uliotanda kioo kizima. Mwanga wa saa za dashibodi nao huupunguza.

Sasa nizungumzie taa zetu wenyewe, ambako ndiko insafu inakoanzia. Balbu ya halojeni iitwayo H4, iliyomo katika magari mengi tuliyonayo, ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kimewekwa kikombe kidogo cha chuma ili nuru ipige nusu ya juu tu ya bakuli la taa na kutupwa chini barabarani. Fundi akiing'oa na kupachika ya LED katika bakuli lile lile, mara nyingi nuru haitoki tena pale bakuli lilipokusudiwa, nayo hutawanyika hadi machoni mwa watu. Mwenye gari hufurahia weupe wake, na madhara huwafikia wengine. Mimi nimebaki na balbu za asili. Kisha hulisimamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, nikawasha dimu: ukingo wa juu wa nuru, kwa magari mengi, hutakiwa uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Nikipakia magunia nyuma, pua ya gari huinuka na nuru hupanda pamoja nayo. Hapo hukizungusha kile kitufe chenye namba 0 hadi 3, kadiri mzigo unavyozidi ndivyo namba inavyopandishwa, na taa hushuka.

Miwani ya giza isivaliwe usiku kwa hali yoyote, na ile ya manjano pia hupunguza nuru ambayo jicho linaihitaji. Kwa taa za gari la nyuma, kioo cha ndani kina kishikizo cha kukiinamishia. Ama mtu ambaye hata taa za kawaida zimeanza kumfanyia duara na miale, hasa ikiwa umri umesonga, na amwendee daktari wa macho, kwa kuwa huenda ni mtoto wa jicho, maradhi yanayotibika kwa upasuaji. Na mpaka atakapopimwa, safari zake azifanye mchana.