Siku za Kusubiri Hazimlindi Nyuki

Mkulima wa tikiti maji akishika chupa ya kiuatilifu, namba anayoitafuta kwenye lebo ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Aifuate bila kupunguza hata siku moja. Lakini namba hiyo imewekwa kwa ajili ya mlaji. Nyuki hasubiri mavuno; kesho asubuhi yumo shambani.

Mabaki ya dawa hupungua kwa mgawanyo. Kama dawa hupungua nusu kila baada ya siku 3, siku ya 6 imebaki robo, siku ya 9 thumuni, na siku ya 12 bado ipo sehemu moja kati ya 16. Jua kali na joto huharakisha kuvunjika kwake, na mvua huosha kilicho juu ya jani. Wakati wa baridi na umande mwingi, sumu hudumu zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kiangazi kisitumike kukisia hali ya masika au kipupwe.

Sasa litazame ua la tikiti. Hufunguka asubuhi, hujifunga siku hiyo hiyo, na halifunguki tena. Ua jike, lenye kitikiti kidogo chini yake, lisipofikiwa na nyuki katika saa hizo hupukutika. Likipata chavua kidogo, tunda hupinda. Ukipulizia saa tatu asubuhi unaua vibarua wako wakiwa kazini.

Pulizia jioni, maua yakishafunga na upepo umetulia, na uchague dawa inayoisha nguvu haraka. Hata hivyo, jioni haisaidii kwa dawa zinazofyonzwa na mmea, kama imidaklopridi. Hizo hupita ndani ya mmea hadi kwenye chavua na mbochi, mahali ambapo jua wala mvua havifiki. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuipiga marufuku imidaklopridi kwa mazao ya nje, ikabaki wakati huo kwa vitalu nyumba vya kudumu tu. Kwa maoni yangu, haifai kabisa kupuliziwa tikiti lililokaribia kuchanua.

Kabla ya kununua, mwulize afisa ugani maswali mawili: dawa hii inafyonzwa na mmea? Inabaki sumu kwa nyuki kwa saa ngapi? Na kama jirani ana mizinga, mpe taarifa siku moja kabla ya kupulizia.