Ubingwa na Upana wa Elimu: Funzo la Nzige Wekundu wa Rukwa

Elimu-viumbe imegawanyika katika matawi mengi: wadudu, mimea, kuvu, ndege na mengineyo. Mgawanyo huo ni wa lazima, kwani hakuna mtu mmoja awezaye kuyamudu yote. Hata hivyo, bingwa asiyetazama nje ya tawi lake huweza kukosea hata ndani ya tawi hilo. Mfano mzuri ni nzige.

Mashariki ya Sumbawanga, nyanda za juu za Ufipa hushuka ghafla hadi Bonde la Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Hivyo maji yake hupanda na kupungua kwa kufuata mvua, na mbuga za nyasi kandokando yake hufurika na kukauka. Mbuga hizo ni miongoni mwa mazalio machache ya nzige wekundu barani Afrika. Baa la nzige hao lililoanza mwaka 1930 na kudumu hadi 1944 liliharibu mazao katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta.

Zamani wataalamu wa uainishaji, wakilinganisha nzige wakavu wa makumbusho, waliamini kwamba nzige-mhamaji wa makundi na yule aishiye peke yake ni spishi mbili. Mwaka 1921 Boris Uvarov, aliyewachunguza pia wakiwa hai, alieleza kwamba ni spishi moja yenye hali mbili. Nzige wakisongamana, hubadilika rangi, umbo na mwenendo. Uvarov mwenyewe alikuwa bingwa wa uainishaji; lakini ubingwa wake haukumfunga macho.

Kadhalika, kuwahesabu tunutu pekee hakutoshi kuikinga Rukwa. Lazima yajulikane pia maji ya ziwa, nyasi na moto uchomao mbuga. Sumu za kemikali zaweza kuua nyuki, samaki na ndege walao nzige. Ndiyo maana mwaka 2009 ilinyunyizwa kuvu iitwayo *Metarhizium* katika mbuga za Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi. Kuvu hiyo huwashambulia nzige na panzi, na huwaacha salama viumbe wengine wengi. Kazi hiyo iliunganisha elimu ya kuvu na elimu ya wadudu.

Basi mwanafunzi na achimbe kisima chake kwa kina, lakini ajue pia maji yake yatoka wapi.

Maswali
1. Kwa nini nzige wakavu hawakutosha kuufichua ukweli?
2. Taja matawi manne ya elimu yahitajikayo kumdhibiti mdudu mmoja aharibuye mazao wilayani kwenu. Eleza kazi ya kila tawi.