Tarehe 17 Januari: Siku Moja, Kumbukumbu Nyingi

Somo kwa wazee wa barza, vikundi vya akina mama, vijana na jamaa zilizohama makwao



Katika mkutano mmoja huko Vitshumbi, karibu na mahali mitumbwi inapofikia asubuhi, niliomba kila mtu ataje tarehe moja asiyoweza kuisahau. Nilidhani ni zoezi jepesi la kufungua mazungumzo. Mama mmoja akataja siku kijiji chake kilipochomwa. Baba mmoja akataja siku alipompoteza mwanawe njiani. Ilipofika tarehe ya nne, sauti zilikuwa zimepanda. Kila tarehe ilikuwa na mshitakiwa, na watu wa kabila la mshitakiwa walikuwa wameketi hapo hapo. Nusura mkutano uvunjike.

Ndipo mvuvi mmoja mzee akasema: "Mwanangu, mimi nataja tarehe 17 ya mwezi wa kwanza. Nilikuwa Goma kuuza samaki." Watu wakanyamaza, kisha wakaanza kuzungumza kwa pamoja: mwaka 2002, Nyiragongo! Huyu alikimbilia Sake, yule alilala Gisenyi chini ya mti. Hakuna aliyemshitaki mwenzake. Lakini kijana mmoja akaongeza: "Hiyo ndiyo tarehe aliyouawa Lumumba. Siku hiyo ina laana."

Je, ni kweli? Somo hili linajibu swali hilo, na linaonyesha jinsi tarehe inavyoweza kututenganisha au kutusaidia kuishi pamoja.

1. Siku ambayo mlima haukuuliza kabila

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilipasuka kwenye mteremko wa kusini wa Nyiragongo. Moto ukashuka hadi katikati ya mji wa Goma, ukaugawanya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia Ziwa Kivu. Makumi ya watu walikufa. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Siku chache baadaye, kituo cha mafuta kililipuka katikati ya moto uliokuwa bado haujapoa, watu wengine wakafa.

Ilikuwa ni wakati wa vita. Hata hivyo, watu laki kadhaa walikimbia kwa njia zile zile: wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Tajiri na maskini walibeba magodoro kichwani. Moto haukuchagua nyumba ya Mhunde, ya Mnande, ya Mhutu, ya Mtutsi wala ya Mshi.

Tukumbuke pia kwamba wataalamu wa volkano wa Goma walikuwa wameona dalili kabla ya siku hiyo. Onyo lilikuwepo, lakini njia ya kulifikisha kwa watu na kuwatayarisha haikutosha. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, usiku, na watoto wengi walitengana na wazazi wao katika mbio. Mlima hatuwezi kuuzuia. Kujitayarisha tunaweza.

2. Siku ambayo watu waliua, kisha wakaficha

Miaka 41 kabla ya moto ule wa 2002, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi yetu, alipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alikuwa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa sana, na usiku ule ule wote watatu wakapigwa risasi. Wakongo na Wabelgiji walikuwepo.

Habari ilifichwa karibu mwezi mmoja. Tarehe 13 Februari 1961 wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba Lumumba alitoroka na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo. Miili ilikuwa imeharibiwa ili kusiwe na kaburi.

Lakini ukweli hauozi. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba Ubelgiji ilikuwa na jukumu la kimaadili katika mauaji hayo. Mwezi Februari 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba msamaha. Mwezi Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino moja, ambalo afisa wa polisi wa Ubelgiji alikuwa amelichukua. Jino hilo lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Familia ilingoja miaka 61 ili ipate kitu cha kuzika.

Hapa kuna tofauti kubwa na volkano. Mlima hauna kosa, wala hauhukumiwi. Mtu anayeua ana kosa, na kusema "ni laana ya tarehe" ni kumfichia kosa lake. Kwa msiba wa mlima tunahitaji matayarisho. Kwa msiba wa watu tunahitaji ukweli, haki na heshima kwa waliokufa.

3. Siku ambayo mji uliitumia kufundisha

Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi waliotolewa chini ya vifusi waliokolewa na majirani. Baadaye watu zaidi ya milioni moja walikuja kujitolea kusaidia. Serikali ya Japani ikaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kujikinga na maafa na ya kazi ya kujitolea. Kila mwaka watu wa Kobe huwasha taa saa ile ile na kuwakumbuka wafu wao, na katika majira hayo watu hufanya mazoezi ya kujiokoa. Wamelia, na pia wamejifunza.

Tarehe haina laana

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Si ajabu watu walioumia waogope hata namba ya kalenda. Lakini tarehe 17 Januari 1942 alizaliwa Muhammad Ali, bondia aliyekuja Kinshasa mwaka 1974 na kushangiliwa na Wakongo kama mtoto wao. Siku moja hubeba kuzaliwa na kufa. Siku yenyewe haina ubaya. Ubaya au uzuri uko katika yale tunayofanya na kumbukumbu yake.

Anayetaka kuchochea vijana mara nyingi huanza na tarehe: "Mnakumbuka walichotufanyia siku ile?" Hataji tarehe ambayo jirani naye alilia. Tarehe inayosemwa na upande mmoja peke yake hugeuka kuwa silaha.

Zoezi: Kalenda ya pamoja

1. Kusanyikeni watu wa jamii mbalimbali, wenyeji na waliohama, wanaume, akina mama na vijana. Muwe na waongozaji wawili kutoka jamii tofauti.
2. Anzeni na tarehe zilizompata kila mtu: volkano, mafuriko, ugonjwa, ajali ya mtumbwi ziwani. Hizi hufungua moyo bila kumshitaki jirani.
3. Kisha kila jamii itaje tarehe moja ya huzuni na moja ya furaha. Wengine wasikilize bila kujibu. Asiyetaka kusema asilazimishwe.
4. Andikeni kilichotokea na waliopotea. Msiandike majina ya washitakiwa kwenye karatasi ya ukutani, kwa maana inaweza kuwaletea watu hatari. Ushuhuda wa makosa upelekwe kwa njia salama kwa wanaohusika na sheria.
5. Kwa kila tarehe chagueni tendo moja la pamoja: sala, kufagia makaburi, kutengeneza njia ya kukimbilia, au kumfundisha kila mtoto kutaja jina lake, majina ya wazazi wake na mahali pa kukutana mkipotezana.

Maswali ya kujadiliana

- Ni tarehe gani jirani zako hulia, nawe hujui sababu?
- Ni msiba gani tunauita laana, kumbe ulifanywa na watu?
- Hatari ikija usiku huu, jamaa yako itakutana wapi?
- Ni nani kati yetu anayewasimulia watoto tarehe hizi, na anawafundisha nini?

Katika mkutano ule wa Vitshumbi, tulimaliza kwa kurudi kwa yule mama wa kijiji kilichochomwa. Safari hii alimaliza habari yake yote bila kukatizwa. Mzee mvuvi alinyanyuka, akamwambia: "Pole, dada. Siku hiyo sikuijua." Hayo hayakuwa mapatano ya amani. Lakini tarehe moja ilikuwa imepata mtu wa pili wa kuikumbuka.