Ua wa jengo ni wa wenye magari au wa wakazi wote?

Msomaji wetu mmoja anayeishi katika jengo la ghorofa nne Upanga, Dar es Salaam, ameleta suala ambalo bila shaka linawagusa wengi. Magari ya wakazi yamezidi nafasi zilizopo. Baadhi yao wanataka ua wa nyuma umwagwe zege na kupigwa mistari, yapatikane maegesho ya magari 8 zaidi. Wengine hawataki. Wamekutana mara mbili, na mara ya pili wakatawanyika bila ya kupeana mikono, ilhali ni watu wanaosimama safu moja msikitini. Anauliza: sharia inasemaje?

Kwanza tuwatendee haki wenye magari. Maghorofa mengi ya zamani ya Upanga na Kisutu yalijengwa kabla ya serikali kutaifisha majumba mwaka 1971, zama ambazo mwenye gari alihesabika kwa vidole. Leo yupo mwenye mzazi mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku wa manane, na yupo dada anayerudi kazini saa nne usiku akalazimika kuegesha mtaa wa tatu. Kuwaita watu hao wabinafsi, kama ilivyosemwa mkutanoni, si uadilifu.

Tena sharia haimruhusu jirani kukataa kwa ajili ya kukataa tu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke boriti katika ukuta wake. Na Imam Malik ameeleza katika Muwatta kisa cha Dhahhak bin Khalifa, aliyetaka kupitisha mfereji wa maji katika shamba la Muhammad bin Maslama, naye akakataa. Shauri likafika kwa Sayyidna Umar (RA), akaamuru mfereji upite.

Wenye magari wakikisikia kisa hiki watafurahi, lakini wasiharakishe. Umar hakuamua vile kwa kuwa Dhahhak alikuwa na haja tu. Alimuuliza Muhammad kwa nini anamzuia nduguye kitu chenye manufaa kwake, ambacho na yeye mwenyewe angekinyweshea shamba lake mwanzo na mwisho, na wala hakimdhuru. Basi suali la kuuliza Upanga ni hilo hilo: je, zege hilo halimdhuru mtu?

Tupige hesabu. Gari moja huhitaji nafasi ya takriban mita 2.5 kwa 5. Magari 8 ni mita za mraba 100, kabla hujaweka njia ya kugeuzia. Kwa alivyoueleza ua wao, hapo umekwisha. Ndipo zilipo kamba za kuanikia nguo, ndipo lilipo shimo la maji machafu ambalo gari la kunyonya lazima lilifikie, na ndipo watoto wa nyumba za vyumba viwili wanapochezea, kwani mahali pengine ni barabarani. Kubwa zaidi ni msiba. Akifariki mtu katika jengo, turubai linafungwa uani, mikeka inatandikwa, na jeneza linatolewa kupitia hapo. Mwenye gari naye atafiwa.

Ama kuhusu umiliki, pale ambapo sehemu za jengo zina wamiliki mbalimbali, sheria ya nchi ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inayahesabu maeneo ya pamoja kuwa mali ya wamiliki wote kwa mafungu yao. Mafaqihi nao wamesema kitambo kwamba mshirika katika fungu la mwenzake ni kama mtu baki, hana ruhusa ya kulitumia peke yake bila ya ridhaa. Kwa hiyo hoja ya kwamba "tulio wengi tumenyoosha mikono" haitoshi. Mjane wa ghorofa ya chini asiye hata na baiskeli ana fungu lake uani, na mikono ya watu haimvui haki hiyo.

Hadithi ya Nuuman bin Bashir, aliyoipokea Bukhari, inafaa sana kwa watu wa maghorofa. Ni ya watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wachote maji. Masheikh wetu huisoma sana katika kukataza maovu, lakini tuangalie jambo moja: wale watu hawakuwa na nia mbaya. Walitaka wasiwasumbue wenzao wa juu.

Kwa maoni yetu, ua usimezwe wote, na wala usifungwe kabisa. Zipatikane nafasi 3 au 4 kando ya ukuta, ibaki njia isiyopungua dhiraa 7, kipimo alichokitaja Mtume (SAW) watu wanapogombania njia. Hizo ni kama mita 3 na nusu, gari la zimamoto litapita. Wapewe kwanza wenye wagonjwa na walemavu, wanaobaki wapige kura kwa zamu. Na wanaoegesha walipe kitu kila mwezi katika mfuko wa pampu ya maji na taa za ngazi, ili asiye na gari naye apate badali ya fungu lake. Zikifungwa turubai, magari yatoke bila ya kuombwa.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameongeza kwamba mjadala ukiwa haujaisha, wakazi wawili wamekwishaanza kuegesha uani usiku, mmoja juu ya mfuniko wa shimo. Hao wayaondoe magari yao kwanza, kisha uitishwe mkutano wa tatu.