Mama Mwenye Uraibu wa Unga Akifika Leba

Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Ukipita asubuhi kwenye foleni ya dozi utaona wanaume wamejaa, wanawake ni wa kuhesabu. Si kwamba wanawake hawatumii unga. Wapo, na wanazaa. Wengine tunakutana nao mara ya kwanza leba, njia ikiwa imeshafunguka. Maswali haya ndiyo wakunga wanayouliza kwenye mafunzo, mara nyingi wakati wa chai, wakubwa wakishatoka.

Mimba ya miezi minane, hana kadi, hajapima hata damu. Huo si uzembe?

Heroini huvuruga homoni. Mwanamke anayeitumia anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake, kwa hiyo hedhi ikikosekana hashtuki. Kichefuchefu na uchovu anavihesabu kuwa arosto, yaani dalili za kukosa dawa. Wapo wanaogundua wakati mtoto ameshaanza kucheza.

Halafu anatuogopa sisi. Amekaa kwenye benchi la kliniki, nesi kaona makovu mkononi, sauti ikapandishwa ili benchi zima lisikie: "Wewe teja, mtoto wa nini?" Huyo harudi tena. Tena anafika maskani anawasimulia wenzake, nao hawaji. Vipimo vya VVU, kaswende na homa ya ini, ambavyo vingemwokoa mtoto, vimepotea kwa maneno matano.

Kwa nini apewe methadoni na ni mjamzito? Si aache tu kwa ajili ya mtoto?

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na ni wa hatari. Akikatishwa ghafla, arosto inaweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Na hata akivumilia, wengi hurudia, na safari hii mwili umeshasahau kipimo cha zamani: kete aliyoizoea inaweza kumuua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linashauri mjamzito mwenye uraibu wa dawa za jamii ya afyuni aanzishiwe methadoni au buprenofini badala ya kukatishwa. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, mama hapandi na kushuka mara kadhaa kwa siku.

Miezi ya mwisho mwili wa mjamzito huiondoa dawa haraka, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa. Akisema haimtoshi, msikilizeni kabla ya kusema ana tamaa.

Yuko leba anapiga kelele anataka sindano ya maumivu. Tutajuaje kama si janja ya kupata dawa?

Hapa ndipo unyanyapaa wetu unapovaa koti la utaalamu. Dozi ya methadoni aliyokunywa asubuhi haitulizi uchungu wa kuzaa. Inamkinga na arosto, basi. Isitoshe, mtu aliyetumia dawa hizi muda mrefu mara nyingi husikia maumivu zaidi kuliko wengine, na kipimo cha kawaida huenda kisimtoshe. Kumnyima ili "ajifunze" si tiba ya kitu chochote.

Anayetakiwa kuhakikisha ni wewe, na si kazi ngumu. Piga simu kliniki yake, uliza kiwango cha dozi na siku ya mwisho aliyokunywa. Siku ya kujifungua anywe dozi yake kama kawaida, halafu juu yake apewe dawa ya maumivu kama mzazi mwingine yeyote, hasa akipasuliwa. Dawa moja ikae mbali naye: pentazosini. Hiyo itamtumbukiza kwenye arosto papo hapo, naye ataonekana mkorofi kumbe sisi ndio tumemfanya hivyo.

Na kuhusu mishipa: kabla hujamchoma mara ya tatu, muulize. Atageuza mkono, atabonyeza kwa kidole mahali ambapo usingepafikiria, aseme, "Hapa, sista." Mara nyingi kanula inaingia.

Mtoto anatetemeka, analia usiku kucha. Wenzangu wanasema mama ndiye aliyemtesa.

Mtoto hazaliwi teja. Mwili wake ulizoea dawa tumboni, sasa imekatika. Utasikia kilio chembamba cha juu, utaona anatetemeka, anapiga chafya mfululizo, ananyonya na kuachia, anaharisha. Kwa heroini dalili huanza mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Kwa methadoni huweza kuchelewa mpaka siku ya tatu na zaidi. Kwa hiyo msimruhusu mapema. Na ukali wake haufuati wingi wa dozi ya mama, kwa hiyo kumlaumu kwamba "ulikunywa nyingi" hakuna msingi.

Dawa ya kwanza ya mtoto huyu ni mama yake. Ngozi kwa ngozi, mwanga hafifu, kelele kidogo, kunyonya mara kwa mara. Marekani walilipima jambo hili katika hospitali 26, matokeo yakachapishwa 2023. Badala ya kuhesabu alama za dalili, wauguzi walijiuliza mambo matatu tu: anakula, analala, anabembelezeka? Na mama ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza ya kumtuliza. Watoto wa utaratibu huo walikuwa tayari kuruhusiwa kwa wastani wa siku 8.2, wa utaratibu wa zamani, siku 14.9. Waliohitaji dawa walikuwa asilimia 19.5, dhidi ya asilimia 52 kwa wale wengine. Basi wodi inayomtenga mama na mtoto "mpaka ajirekebishe" inamnyima mtoto tiba.

Anyonyeshe?

Aliyetulia kwenye methadoni, ndiyo. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo. Mwenye VVU afuate utaratibu uleule wa akina mama wenzake. Anayeendelea na unga, kaeni naye na daktari mpime hatari za hali yake.

Si tuwaite polisi?

Jimbo la Tennessee, Marekani, lilijaribu. Mwaka 2014 lilipitisha sheria ya kuwashtaki kina mama ambao watoto wao wameathirika na dawa. Waliokuwa wakiwahudumia walisema wanawake wanakwepa kliniki, na 2016 sheria ikaachwa ife. Mtoto akiwa hatarini kweli, aitwe afisa ustawi wa jamii, na mama aambiwe kwamba ameitwa na kwa nini.

Wanatutukana, wengine wanaiba simu. Huruma tuitoe wapi?

Siwalaumu kwa kuchoka. Nesi mwenye zamu ya usiku, wazazi wawili wawili kitandani, hafundishwi huruma kwa semina ya siku moja. Kwa hiyo sianzi na huruma, naanza na utaratibu. Wakati wa kukabidhiana zamu, taarifa ianze na dozi, saa aliyokunywa, hali ya mtoto. Tabia zake zisubiri. Utafiti wa 2010 wa Marekani uliwapa wataalamu zaidi ya 500 wa afya ya akili maelezo ya mgonjwa yuleyule kwa majina mawili tofauti. Aliyeitwa "mtumiaji mbaya wa dawa" alihukumiwa kwa ukali zaidi kuliko "mwenye ugonjwa wa matumizi ya dawa". Hao ni wataalamu. Sasa fikirieni "teja" likiandikwa juu ya faili.

Jingine ni kumleta kwenye mafunzo mama aliyepata nafuu, alipwe nauli na posho kama mwezeshaji mwingine, aeleze alivyopokelewa leba. Mada za vitabuni hazifikii hapo.

Nanyi matroni: wiki hii ulizeni namba ya simu ya kliniki ya methadoni iliyo karibu, ibandikeni ukutani leba, na mteue mkunga mmoja wa kila zamu atakayeipiga.