Kamusi Elezo ya Mtandaoni na Taarikhi ya Abagusii

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Ikonge, Nyamira. Wanafunzi wangu waandikapo habari za vita vya Abagusii na Waingereza, aghalabu hunakili Wikipedia. Je, yafaa kuitegemea?

JIBU: Mwalimu mheshimiwa, kamusi elezo hiyo, iliyoasisiwa mwaka 2001 na ambayo karibu kila mtu aruhusiwa kuihariri, yafaa kuanzia utafiti, wala haifai kuuhitimishia. Chukua kisa cha Otenyo, Mgusii aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, mwaka 1908: habari zake hutoka katika taarifa za serikali ya kikoloni, iliyokuwa upande mmoja wa ugomvi, na katika masimulizi ya wazee, ambao humtaja pia Moraa, nabii wa kike aliyewahimiza vijana, na mhariri asiyebainisha lipi limetoka wapi, hata akiwa na nia njema, huchanganya riwaya na ithibati.

Basi wafundishe wanafunzi wafungue historia ya ukurasa, waone nani aliongeza nini na lini. Wafuate kila tanbihi hadi asili yake, kama kitabu cha William Ochieng' juu ya Abagusii, kilichotoka mwaka 1974, au nyaraka za taifa zilizohifadhiwa Nairobi. Tena wajihadhari na kitabu kilichonakili ukurasa, kisha ukurasa ukakitaja kuwa shahidi wake, kwani hapo shahidi ni mmoja tu. Na madhali wazee wa Ikonge wangalipo, masimulizi yao sharti yaandikwe sasa, pamoja na jina la msimulizi, mahali na tarehe.